UCHAMBUZI: Kituo cha Kazi Kinapohama, Haki ya Malipo Huanzia Kwenye Barua

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kuhama kwa kituo cha kazi si jambo geni tena kwa watumishi na wafanyakazi nchini. Tangu mwaka 2016 wizara zimehama kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma. Oktoba 2019 halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yake ya utawala zilielekezwa kuhamia ndani ya maeneo hayo, na Desemba 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha na kufuta baadhi ya taasisi za umma. Kila tangazo la aina hiyo hufuatwa na swali linaloulizwa ofisini na nyumbani: gharama za nauli, mizigo na kuanza maisha mapya zitalipwa na nani?

Jibu la msingi ni kwamba anayeanzisha uhamisho ndiye anayebeba gharama zake. Mwajiri akimhamisha mtumishi kwa manufaa ya umma, mwajiri hulipa. Mtumishi akiomba mwenyewe kuhama, iwe kwa kufuata familia, kuuguza mzazi au kwa sababu nyingine yoyote binafsi, gharama ni zake.

Hata hivyo, jibu hilo hufunika mambo manne ambayo mara nyingi huchanganywa: uhamisho wa kituo cha kazi, safari ya kikazi, ofisi kuhama ndani ya mji uleule, na safari za mtumishi kwenda kuitembelea familia aliyoiacha nyuma. Yote manne yana nauli ndani yake, lakini si yote yanayolipwa na mwajiri. Kinachoyatenganisha si urefu wa safari wala uzito wa mizigo, bali barua iliyoandikwa kabla ya safari kuanza.

Dodoma, uhamisho uliogusa wengi

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kusimamia ujenzi wa mji. Kwa miongo minne utekelezaji ulikwenda polepole. Bunge lilifanyia vikao vyake Dodoma, lakini wizara nyingi ziliendelea kuwa Dar es Salaam, na watumishi walisafiri kuja Dodoma kama wageni wa wiki chache wakati wa bajeti.

Hali ilibadilika Julai 2016, pale Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa, alihamia Septemba 2016. Aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mhe. Samia Suluhu Hassan, alihamia Desemba 2017, na Rais mwenyewe akafuata Oktoba 2019. Katikati ya hatua hizo, Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kuitangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 20, 2023.

Nyuma ya tarehe hizo kulikuwa na kaya nyingi zilizolazimika kufanya hesabu zake. Mtumishi aliyekuwa amepanga au kujenga Dar es Salaam, mwenye mwenza anayefanya kazi huko na watoto walio katikati ya mwaka wa masomo, alipokea barua ya kuripoti umbali wa takriban kilomita 450. Wapo waliohamisha kaya nzima kwa safari moja. Wapo pia walioondoka peke yao na kuendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Kwa kundi hili la pili ndipo tofauti kati ya safari inayolipwa na safari isiyolipwa ilipokuwa jambo la kugusa mfuko moja kwa moja.

Safari nne, hukumu nne

Safari ya kwanza ni ya uhamisho. Hii ni safari ya kuhama kituo kimoja na kwenda kingine kwa kazi ya kudumu. Kwa watumishi wa umma, haki zake zimewekwa katika Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009. Mtumishi aliyehamishwa na mwajiri hustahili nauli yake na ya familia inayotambuliwa na kanuni, gharama za kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu kwa siku za mwanzo katika kituo kipya, na posho ya usumbufu. Viwango na masharti hutegemea cheo, mshahara na idadi ya wanafamilia wanaotambuliwa, hivyo watumishi wawili waliohama siku moja kwenda ofisi moja wanaweza kulipwa fedha tofauti bila yeyote kati yao kudhulumiwa.

Safari ya pili ni safari ya kikazi. Hapa mtumishi anabaki kuwa wa kituo chake cha zamani, ila ametumwa mahali pengine kwa muda. Malipo yake ni posho ya kujikimu kwa idadi ya siku zilizoidhinishwa, pamoja na nauli. Viwango vya posho hii kwa safari za ndani vilipandishwa kuanzia Julai 2022: kiwango cha chini kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 kwa siku, na cha juu kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000. Mtumishi aliyepewa fedha hizi kama masurufu hutakiwa kufanya marejesho akirudi.

Tofauti kati ya safari hizi mbili ina uzito mkubwa. Mtumishi anayetumwa Dodoma kwa wiki mbili yuko safarini. Mtumishi aliyepewa barua ya kuhamia Dodoma, hata kama bado amelala nyumba ya wageni na mizigo yake iko Dar es Salaam, hayuko safarini. Yuko kituoni kwake. Kuanzia siku aliyoripoti, haki zake zinapimwa kwa kanuni za uhamisho, na siku za kujikimu alizopangiwa zikiisha, gharama za kulala na kula ni zake. Anayedhani ataendelea kulipwa posho ya safari hadi apate nyumba hujikuta na deni ambalo hakuna kanuni ya kulilipa.

Safari ya tatu ni ile inayotokea ofisi inapohama bila mtumishi kuhama mji. Mfano wa karibu ni wizara zilizoanzia katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma na kwingineko jijini, kisha zikahamia Mji wa Serikali ulioko Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Kwa aliyepanga karibu na ofisi ya awali, nauli na muda wa kwenda kazini viliongezeka. Lakini hakuhamishwa makazi, na safari ya nyumbani kwenda kazini kila siku kwa kawaida ni gharama ya mtumishi mwenyewe. Nafuu ya namna hii hutafutwa kwa njia nyingine: basi la watumishi, posho ya usafiri kwa wanaostahili kwa nafasi zao, au makubaliano kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Kuijazia fomu ya madai ya uhamisho ni kupoteza muda.

Safari ya nne ni ya kwenda kuiona familia. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma Julai 25, 2024, imezifanya safari hizi kuwa rahisi kuliko zamani. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma iliyotangazwa na LATRA mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Kwa kiwango hicho, kwenda na kurudi ni shilingi 62,000, na anayesafiri kila mwisho wa wiki kwa wiki nne anatumia shilingi 248,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haidaiwi popote. Mtumishi anayeamua kuiacha familia nyuma anapaswa kuihesabu tangu mwanzo kama sehemu ya bajeti yake, si kama madai atakayoyawasilisha baadaye.

Barua inapaswa kusema nini

Kwa kuwa haki ya malipo huanzia kwenye barua, barua hiyo inastahili kusomwa kwa makini kabla ya mizigo kufungwa. Jambo la kwanza la kutazama ni sababu ya uhamisho. Maneno yanayoonesha kwamba mtumishi anahamishwa kwa uamuzi wa mwajiri na maneno yanayoonesha kwamba ombi lake limekubaliwa yana matokeo tofauti kabisa katika malipo. Mtumishi aliyewahi kuandika barua ya kuomba kuhama, kisha akahamishwa na mwajiri kwa sababu nyingine, ahakikishe barua ya sasa inataja sababu ya sasa. La sivyo, barua yake ya zamani iliyoko kwenye jalada inaweza kutumika kama ushahidi kwamba alihama kwa kupenda.

Jambo la pili ni ofisi itakayolipa. Uhamisho ndani ya taasisi moja hauna utata mkubwa, kwa kuwa mwajiri ni yuleyule. Ugumu hutokea pale mtumishi anapotoka taasisi moja kwenda nyingine, au halmashauri moja kwenda nyingine. Barua isipotaja mlipaji, ofisi ya zamani inaweza kusema mtumishi si wake tena, na ofisi mpya ikasema haikupanga fedha kwa uhamisho ambao haikuuanzisha. Swali hili hugharimu aya moja likiulizwa kabla ya kuondoka. Likiulizwa baada ya kuripoti, linaweza kugharimu miaka.

Jambo la tatu ni tarehe: tarehe ya barua, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kuripoti. Hizi ndizo huamua mshahara unaotumika kukokotoa malipo na siku ambazo posho ya kujikimu inaanza kuhesabiwa.

Baada ya hapo zinafuata nyaraka za kuthibitisha madai. Kwa kawaida huhitajika nakala ya barua ya uhamisho, barua ya kuripoti iliyopokelewa na ofisi mpya, hati ya mshahara ya karibuni, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tiketi za safari, na stakabadhi ya kielektroniki ya EFD kwa usafirishaji wa mizigo. Hapa ndipo madai mengi hudhoofika. Mtumishi hukodi lori kwa makubaliano ya mdomo, analipa fedha taslimu, na anabaki na karatasi isiyo na namba ya mlipakodi. Mtoto anayeishi naye kwa miaka mingi hayumo katika taarifa zake za kiutumishi, hivyo hatambuliwi wakati wa kulipa. Kuhuisha taarifa za familia ni kazi ya kufanywa wakati wa utulivu, si wiki ya kuhama.

Uhamisho usio na fedha ni mkopo usio na makubaliano

Msimamo ambao Serikali imekuwa ikiurudia kwa waajiri ni kwamba mtumishi asihamishwe kabla fedha za uhamisho wake hazijatengwa. Msimamo huo una sababu ya kibinadamu na sababu ya kihesabu.

Sababu ya kibinadamu inaeleweka kwa urahisi. Mwalimu au muuguzi anayehamishwa kwenda wilaya nyingine bila malipo hukopa ili aweze kutii amri halali ya mwajiri wake. Anakopa nauli, anakopa kodi ya miezi kadhaa anayodaiwa na mwenye nyumba mpya, na anaanza kazi akiwa na mawazo. Kwa maneno mengine, amemkopesha mwajiri wake bila mkataba, bila riba na bila tarehe ya kulipwa.

Sababu ya kihesabu huonekana baadaye. Fedha ambayo haikulipwa haipotei. Hugeuka kuwa deni la mtumishi lisilo la mshahara. Deni hilo linapaswa kuorodheshwa, kuhakikiwa na wakaguzi, kuombewa fedha katika bajeti nyingine na kulipwa kwa awamu. Nyaraka zilizokuwa rahisi kupatikana mwaka wa kwanza huwa ngumu kupatikana mwaka wa nne: afisa aliyesaini amestaafu, jalada limebaki kituo cha zamani, na wino wa stakabadhi za mashine umefifia. Uhakiki mkali wa madeni huwaudhi watumishi wenye haki, lakini ndio unaoizuia Hazina kulipa madai hewa. Njia ya kuepuka maudhi yote mawili ni kulipa kabla ya safari.

Ratiba nayo ina nafasi yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, ilhali mwaka wa masomo wa shule huanza Januari. Uhamisho unaofanywa Mei au Juni hukuta kasma nyingi zikielekea ukingoni, na huwakuta watoto katikati ya masomo. Uhamisho uliopangwa kutekelezwa kati ya Novemba na Januari hukuta bajeti ikiwa bado na uhai na shule zikifunga. Si kila hitaji la umma linaweza kusubiri Desemba, lakini ofisi inayopanga ikama yake mapema ina uwezo wa kuchagua. Utaratibu wa sasa wa maombi ya uhamisho kupitia mfumo wa kielektroniki wa huduma kwa watumishi, ESS, unasaidia upande mmoja wa jambo hili, kwa kuwa unaonesha wazi ni nani aliyeomba na lini. Kwa uhamisho unaoanzishwa na mwajiri, jukumu la kuhakikisha fedha ipo kabla ya kusaini barua linabaki kwa Afisa Masuuli.

Sekta binafsi: mkataba ndio msingi

Kwa wafanyakazi wa kampuni na mashirika binafsi, Kanuni za Kudumu hazitumiki. Mwongozo wao ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinachotazamwa kwanza kuhusu gharama za kuhama ni mkataba wa ajira, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, na amri ya mishahara ya sekta husika.

Sheria hiyo inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na miongoni mwa yanayotakiwa kutajwa ni mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri anapaswa kurekebisha maelezo hayo na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi. Ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonesha mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.

Kwa hiyo, mfanyakazi wa kiwanda kinachohama kutoka Dar es Salaam kwenda Kibaha au Morogoro anapaswa kuanza kwa kusoma mkataba wake. Je, umetaja mahali pamoja pa kazi, au unasema anaweza kupangiwa kazi popote mwajiri alipo na shughuli? Sharti la pili humpa mwajiri nafasi kubwa ya kuhamisha, lakini halijibu swali la nani analipa. Swali hilo lijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe ya kuhama. Barua fupi ya mwajiri inayotaja nauli, mizigo na idadi ya siku za kujikimu ina nguvu kuliko ahadi kumi zilizotolewa kwenye kikao.

Pale ambapo kuhama kwa kampuni kunawafanya baadhi ya wafanyakazi wasihitajike tena, mwajiri hawezi kuwaaga kwa tangazo la ukutani. Sheria inamtaka atoe taarifa, aeleze sababu na afanye mashauriano kabla ya kupunguza wafanyakazi. Na iwapo mfanyakazi aliyeajiriwa Dar es Salaam amehamishiwa Dodoma na ajira yake ikakomea huko, mwajiri anawajibika kumrudisha yeye na mizigo yake alikoajiriwa, au kulipia usafiri huo, au kumpa posho ya usafiri ambayo haipungui nauli ya basi hadi kituo cha mabasi kilicho karibu na mahali alipoajiriwa. Kipindi anachosubiri kusafirishwa, anastahili gharama za kujikimu za kila siku. Ndiyo maana mstari unaosema “mahali alipoajiriwa”, ambao wengi huupita bila kuusoma siku ya kusaini mkataba, unaweza kuwa mstari wenye thamani kubwa siku ya mwisho.

Kodi: posho na fidia si kitu kimoja

Wapo wanaolipwa fedha za kuhama, kisha wakashangaa kuona sehemu yake imekatwa kodi. Maelezo yake yamo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004.

Kanuni ya jumla ni kwamba malipo yanayotokana na ajira, yakiwemo yanayorudisha gharama za mfanyakazi, huhesabiwa kuwa mapato ya ajira. Sheria ikaweka mambo ambayo hayaingizwi katika hesabu hiyo. Mojawapo ni posho ya kujikimu au ya safari ambayo inarudisha tu kiasi alichotumia mfanyakazi kikamilifu na kwa ajili ya kazi pekee. Jingine ni malipo ya nauli ya mfanyakazi, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne, ya kwenda au kutoka mahali pa kazi, kwa gharama halisi ya safari, pale mfanyakazi anapokuwa na makazi yake ya asili umbali wa zaidi ya maili 20 na ameajiriwa kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo mahali hapo pekee.

Neno la kuzingatia hapo ni “halisi”. Fedha inayolingana na stakabadhi iko mahali tofauti na fedha ya jumla inayotolewa bila kudai uthibitisho wowote. Chukua mfano wa kufikirika wa mfanyakazi wa kampuni binafsi ambaye mapato yake yanayotozwa kodi tayari yamevuka shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kila shilingi inayoongezeka juu ya kiwango hicho hutozwa asilimia 30. Akipewa shilingi 1,000,000 kama posho ya jumla ya kuhama, na posho hiyo ikaingizwa katika mapato yake, shilingi 300,000 huenda kwenye kodi na yeye anabaki na 700,000 za kulipia lori na nauli ambazo huenda zimemgharimu milioni nzima. Mwajiri anayelipia usafiri moja kwa moja kwa msafirishaji, au anayerudisha gharama kwa stakabadhi, humweka mfanyakazi wake katika nafasi nzuri zaidi ya kujieleza mbele ya sheria. Kabla ya malipo kufanyika, idara ya fedha inaweza kupata ufafanuzi kutoka ofisi ya TRA iliyo karibu.

Kwa watumishi wa Serikali na taasisi ambazo bajeti yake hutoka serikalini kikamilifu au kwa sehemu kubwa, sheria imeziondoa pia baadhi ya posho katika mapato ya ajira, zikiwemo za nyumba, usafiri, madaraka na mazingira magumu. Mfanyakazi wa kampuni binafsi asichukue hati ya mshahara ya ndugu yake mtumishi wa umma kuwa kipimo cha makato yake.

Madai yanapokwama

Madai yakicheleweshwa au kukataliwa, hatua ya kwanza ni kuomba jibu la maandishi. Kukataliwa kwa mdomo hakumpi mlalamikaji kitu cha kukatia rufaa.

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hapa muda ni jambo la kuogopwa. Mgogoro unaohusu kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo ya madai ya fedha, ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Mwajiri anayesema “subiri mwezi ujao” mara mbili tu huwa amekwishamaliza muda huo. Tume inaweza kuombwa ipokee shauri lililochelewa, lakini mwombaji hutakiwa kueleza sababu za msingi, na kungoja ahadi si lazima ikubaliwe kuwa sababu.

Kwa mtumishi wa umma, marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliyofanywa mwaka 2016 yanamtaka amalize kwanza ngazi zilizowekwa na sheria hiyo kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Anaanza na mwajiri wake, kisha mamlaka za juu, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma kwa masuala yaliyo ndani ya mamlaka yake. Anayeruka ngazi hizo anaweza kurudishwa alikoanzia akiwa amepoteza muda na nauli nyingine.

Uhamisho ni sehemu ya utumishi, na nchi inayopeleka huduma kwenye wilaya mpya na kujenga makao makuu yake haiwezi kuwaacha watu wake wote mahali walipoanzia. Kwa mfanyakazi, kilicho ndani ya uwezo wake ni kuisoma barua, kuuliza mlipaji ni nani, kudai stakabadhi na kuhesabu siku. Kwa mwajiri, ni kutosaini barua ya kumhamisha mtu kabla ya kujua fedha ya kumhamisha iko kasma gani.